Sanduku Ulilokataa Kutuonyesha

Nyumba Na. 14,
Kingstanding,
Birmingham, Uingereza.

16 Novemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Bethuel,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi Kwamboka, binti ya kaka yako. Tafadhali usiikunje barua bado. Najua ukiona jina langu mkono utakuwasha kuitupa jikoni, lakini isome kwanza hadi mwisho, kisha ukitaka kuwashia moto, washa.

U hali gani huko Keroka? Nasikia goti lako halijapona sawasawa tangu ile pikipiki ikugonge, na kwamba bado unasimama mwenyewe kwenye posho mill yako ya kusaga unga kutwa nzima kana kwamba huna watoto wa kukusaidia. Mama Mdogo Kemunto naye presha inamsumbua? Namwombea. Mkwaruzane nami mpendavyo, maombi yangu hamtayazuia.

Sisi huku ni wazima. Mwanangu Ivan ana miaka kumi na miwili na amenipita kimo. Nikimgombeza kwa Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza kama wakili. Baridi imeingia, na jua linazama saa kumi jioni, kwa hiyo Sabato yetu huku inamkuta mtu bado yuko kazini na aproni kiunoni. Mungu anajua.

Ningekupigia simu, lakini mwaka juzi nilipojaribu ulisema nimekosea namba, na sauti yako naijua. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa Mumbua, Mkamba mmoja tunayeabudu naye, anayekuja Kenya likizo. Nimemwagiza akupe wewe mwenyewe, asimwachie mtu dukani hata mtu huyo akidai ni ndugu yako wa damu. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, nakala. Usiitazame kwanza.

Baba Mdogo, wiki mbili hizi sili nikashiba. Nimepata habari iliyonipiga nikakaa chini, na inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

Unajua nafanya kazi ya kutunza wazee. Nyumba yenyewe iko Edgbaston, upande wenye miti mingi na watu wenye nafasi zao. Mwezi wa tisa waliniletea bibi mmoja mpya, Bi Rita, mwenye miaka themanini na minane, Mzungu mdogo wa umbo kama mtoto wa darasa la tano. Siku ya kwanza namgeuza kitandani huku nimebana simu begani, namkaripia Ivan kwa sababu ya homuweki. Mara nikasikia kutoka kitandani, "Mama, usinivute hivyo. Mkono huo unauma." Kwa Kiswahili. Simu ilianguka.

Nilidhani nimechoka kupita kiasi. Nikamwuliza polepole amejifunza wapi lugha hiyo. Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa, akasema, "Sikujifunza. Nimekulia Nakuru." Kiswahili chake ni cha jikoni, cha zamani, cha kuamrisha: lete, weka, ngoja kidogo. Lakini ni cha kwetu kabisa. Tangu siku hiyo alikataa kuogeshwa na mtu mwingine, na Paramjit, msimamizi wetu ambaye ni Kalasinga wa Kisumu, akapanga zamu ziendane na mambo ya Bi Rita.

Mwezi mzima tulikuwa tunapiga soga tu. Halafu Jumanne moja nikaja nimevaa ile beji yenye majina yote mawili, maana ya kawaida ilikuwa imepotea. Bi Rita akavaa miwani, akasoma herufi moja moja. Akaniuliza, "Nyakundi yupi?" Nikamwambia ni jina la babu yangu. Akauliza kama babu huyo alikuwa Msabato mwenye baiskeli nyeusi, aliyeishi nyuma ya sinagogi. Nikajibu kwamba tuliishi nyuma ya stoo ya mbolea. Akafumba macho akasema, "Basi waliifanya stoo ya mbolea." Akalia, nami nikalia bila kujua ninalilia nini.

Baba Mdogo, wewe labda ulijua haya yote. Mimi sikujua. Nimezaliwa nyuma ya jengo lile, nimecheza bano kwa gololi kwenye ngazi zake, na ile nyota ya pembe sita juu ya dirisha nilidhani ni pambo la fundi. Wayahudi kwangu walikuwa watu wa kwenye Biblia. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba walikaa Nakuru, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakauza vipuri vya trekta na kulalamika juu ya bei ya pareto kama watu wengine.

Bi Rita aliletwa akiwa na miaka miwili, mwaka wa thelathini na tisa, wazazi wake wakimkimbia Hitler. Anasema kabla yao walikuwepo wengine waliofika zamani, tangu siku zile Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu wafanye kwao, wajumbe wakaja, wakatazama, wakakataa. Anacheka akisema hivi: "Tungekuwa nchi nzima, tukawa familia ishirini na tano." Vita vilipoanza, serikali ya kikoloni ikamkamata baba yake kwa sababu ana karatasi za Ujerumani. Mtu amewakimbia Wajerumani, anafungwa kwa kuwa Mjerumani. Nilipomsikia nilisahau sifongo mkononi, maji yakapoa.

Baada ya vita ndipo walipojenga hilo sinagogi. Mafundi walikuwa Makalasinga, mabenchi ya mierezi. Siku za sikukuu zao magari yalijaa mpaka barabarani, na harusi ikiwapo watu walitoka Nairobi na Eldoret. Ndipo Babu alipoajiriwa, na hapa nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka watu wakasogea mbali nami. Walimtaka Mwafrika wa kuwafanyia zile kazi ambazo wao dini inawakataza Jumamosi: kuwasha taa, kukoleza moto. Katika watu wote wa Nakuru wakamchagua Mgusii Msabato. Ijumaa ya kwanza jua linakaribia kuzama, Babu akawaambia yeye pia anakwenda kupumzika, Sabato imefika. Bi Rita anasema baba yake alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hawakumfukuza. Walikubaliana taa iwashwe mapema na iachwe izime yenyewe, na wote wapumzike.

Kazi moja tu Babu alikubali kuifanya baada ya jua kuzama. Wayahudi hawawezi kusali ile sala yao kamili wasipotimia wanaume kumi. Siku wakipungukiwa na mmoja, Babu alipanda baiskeli kumtafuta wa kumi, gereji, hotelini, popote, amlete na grisi zake. Kumwita mtu kwenye ibada, alisema, si kazi.

Mwanzoni alitafuta mara moja kwa mwezi. Kisha uhuru ukakaribia na hofu ikaingia. Waliosomesha watoto Uingereza hawakuwaona wakirudi. Mashamba yakauzwa, mmoja akaenda Israeli, mwingine Afrika Kusini, mwingine Australia, na Babu akawa anatoka na baiskeli kila Ijumaa. Halafu ikafika Ijumaa ambayo wapo tisa tu, na Babu amezunguka mji mzima, amerudi na vumbi na jasho, peke yake. Bi Rita alikuwa amekaa upande wa wanawake. Anasema baba yake alimtazama Babu pale mlangoni kwa muda mrefu. Wanaume walikuwa kumi humo ndani, yeyote angehesabu, lakini sheria yao haikumhesabu Babu. Wakafunga vitabu wakaenda nyumbani. Bi Rita anasema hiyo ndiyo siku walipokwisha, hata kama kufuli ilikuja kufungwa miaka kadhaa baadaye.

Sasa nisikilize vizuri, Baba Mdogo.

Mwaka wa sitini na tisa jengo liliuzwa. Magombo ya Torati yalipelekwa Nairobi. Vikabaki vitabu vya sala vilivyochakaa, vilivyoraruka, visivyo na majalada. Kwao kitabu chenye jina la Mungu hakitupwi wala hakichomwi moto. Kikizeeka kinazikwa ardhini kama mtu. Wakavipanga kwenye sanduku la mbao. Kuvizika makaburini hawakutaka, kwa sababu kule hapakuwa na mtu wa kuangalia, nao walikuwa wanaondoka. Walitaka vilale mahali penye mtu. Ndipo wakampa Babu kile kiwanja cha nyuma, na wanaume watatu waliobaki, na Bi Rita, wakazika sanduku nyuma ya nyumba yetu. Kwa kuwa hawakutimia kumi walizika kimya. Babu akaomba ruhusa, akaimba wimbo mmoja wa Sabato kwa Kigusii. Kisha akawaahidi kwamba maadamu yu hai, na baada yake, hakuna mkono utakaolifukua.

Nilikuwa nakata kucha zake aliponiambia. Niliacha kukata. Sanduku, Baba Mdogo. Lile sanduku la dhahabu la Wazungu ambalo ukoo wetu wote unasema ulituibia.

Nikamwuliza mara tatu. Nikamwambia labda chini ya vitabu palikuwa na kitu, saa, pete, vijiko vya fedha. Alinikasirikia. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyevipanga na kupigilia msumari wa mwisho. Halafu akaniagiza nimpe mkoba wake, akatoa bahasha iliyofifia, akasema, "Babu yako aliniandikia mwaka wa mvua kubwa. Soma." Amenipa ruhusa nitoe nakala nikupelekee, na Paramjit akanitolea kwenye mashine ya ofisi.

Sasa itazame hiyo karatasi.

Ni mwandiko wako. Nilijua kabla sijasoma neno. Ni wewe uliyenishika mkono nikiwa darasa la kwanza ukanifundisha kuandika, na mpaka leo naandika kama wewe, ona barua hii. Kuna kiti cha choo kando ya kitanda cha Bi Rita. Nilikalia hicho hicho, kikiwa na kilichokuwemo. Bi Rita alidhani ninazimia akataka kubonyeza kengele.

Wewe unayajua uliyoyaandika, lakini mimi nataka kuyarudia kwa sababu nimeyakariri. "Mvua ya El Niño imefukua udongo, pembe ya sanduku imeonekana. Mimi sina nguvu tena, nimemwita mwanangu Bethuel, ndiye anayeniandikia barua hii. Tumelitoa, tumelifunga turubali mpya, tumelizika mahali pa juu pasipofika maji. Hakulifungua. Sitaandika ni wapi, maana barua hupita mikono mingi. Nimemwapisha asimwonyeshe mtu yeyote, hata kaka yake. Kaa kwa amani, vitabu vyenu vimelala salama."

Hata kaka yake.

Baba Mdogo, nilikuwa na miaka kumi na mmoja asubuhi ile. Nilitoka kwenda chooni nikakuona una jembe na turubali begani, matope mpaka magotini. Ukaniambia nirudi ndani nisije nikapata baridi. Sikufikiria kitu. Miaka miwili baadaye, tumetoka kumzika Babu, wazee wameketi, Baba anauliza nani anajua lilipo sanduku, mimi nikasimama. Hakuna aliyeniita. Nilisimama kwa sababu nilipenda kutazamwa na watu wazima, nikasema nimemwona Baba Mdogo akilibeba, ingawa nilichoona ni jembe na turubali tu. Nakumbuka jinsi chumba kizima kilivyogeuka kukutazama. Nakumbuka uliniangalia mimi kwanza, si wao.

Na ulisema ukweli. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ulisema, "Ni vitabu vilivyochakaa." Wazee wakacheka. Mimi pia nilicheka, na meno yangu yote nje. Wakasema basi tuonyeshe hivyo vitabu, ukasema hapana. Wakasema apa, ukasema umekwisha kuapa. Mwaka uliofuata ukafungua posho mill kwa mkopo wa SACCO, na mji mzima ukasema si mnaona. Neno moja tu lingekusafisha. Ungetupeleka pale mahali ukafukua, tukayaona makaratasi, tukaaibika, mambo yakaisha. Ukakubali kuitwa mwizi miaka ishirini na sita ili makaratasi ya watu waliokwisha kuondoka yalale. Sherehe zetu hukualikwa. Mama yangu alipofariki ulikuja ukasimama nje ya ua, na Baba akaagiza ufungwe mlango. Mimi niliuona mlango ukifungwa. Nilikuwa mtu mzima na sikusema kitu.

Sina la kujitetea. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini utoto uliisha zamani na maneno yangu niliyaacha yaendelee kukutafuna. Nisamehe. Naomba msamaha huu nikijua hulazimiki kunipa.

Nilimpigia Baba Sabato iliyopita baada ya ibada. Unajua ana miaka themanini sasa, na sukari imemwondolea vidole viwili vya mguu. Nilimsomea ile barua ya Babu uliyoiandika wewe, neno kwa neno. Nilitegemea abishe, wewe unajua anavyobisha. Hakubisha. Akasema kitu ambacho nadhani hata wewe hujawahi kukisikia.

Alisema alikuwa amefukua. Wakati sisi wote tuko Keroka kwenye matanga ya Babu, yeye alisema anaumwa akarudi Nakuru mbele yetu, unakumbuka? Hakuwa anaumwa. Alichimba mchana kutwa pale alipojua sanduku lilizikwa, akakuta udongo mtupu. Akafukia, akapanda sukuma wiki juu. Kwa hiyo alipokaa mbele ya wazee akiuliza nani anajua lilipo, alikuwa anajua tayari kwamba halipo. Na asingeweza kumwambia mtu amejuaje, kwa sababu angekiri kwamba amevunja ahadi ya baba yake hata kabla ya matanga kwisha. Akanisubiri mimi, au mtu kama mimi, nimsaidie. Ananiambia, "Kila nikimwona nilikuwa naiona mikono yangu ina udongo." Baba yangu, Baba Mdogo. Mzee wa kanisa. Nikamwambia anywe dawa.

Bi Rita nilimweleza ulichopitia. Nilidhani ni haki ajue. Alifunika uso kwa mikono. Anasema hata huku Birmingham wamepungua, vijana wamehamia London, na siku akiondoka yeye hajui nani atakumbuka kwamba kulikuwa na Wayahudi Nakuru. Aliniuliza kama ana haki ya kukufungua kile kiapo, akuandikie kwamba uonyeshe kila mtu, usafishwe mbele ya ukoo mzima. Nikamwambia nitakuuliza. Nimekuuliza. Uamuzi ni wako, na safari hii hakuna atakayekushurutisha.

Wasalimie Mama Mdogo Kemunto na wanao wote, hata wale walioapa kutonijibu salamu. Msalimie shangazi Moraa, mwambie nimesikia meno mapya yamemkaa. Paramjit anakusalimu bila kukujua. Bwana Mungu ailinde nyumba yako, alitulize goti lako, na akulipe ule uaminifu ambao sisi tulikulipa kwa matusi.

Karibu nisahau ujumbe wa Baba, na ndio ulionifanya nishike kalamu. Kabla hajakata simu alisema, "Mwambie Bethuel aje Nakuru anionyeshe mahali." Nikaandika hivyo hivyo kwenye karatasi. Nusu saa baadaye akapiga mwenyewe, yeye ambaye hapigi simu ya ng'ambo kwa kuogopa gharama. Akasema nifute. "Mwambie asinionyeshe. Aje tu."

Mimi mtoto wako akupendaye,
Kwamboka Nyakundi